Baada ya Kutoka Tumboni mwa Zimwi

Mwaka 2007 Catherine Fisher, mshairi na mwandishi wa Wales, alichapisha riwaya ya vijana iitwayo Incarceron. Mwaka uliofuata akatoa mwendelezo wake, Sapphique. Kinachosimuliwa humo ni gereza lililo hai. Lina macho mekundu yanayoona kila pembe, lina sauti, lina hasira, na halitupi kitu: mfungwa akifa, mwili wake hugeuka malighafi ya kuundia kiumbe kingine. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza kijana Finn anafanikiwa kutoka. Waandishi wengi wangeishia hapo. Fisher aliendelea, na kitabu cha pili kikawa kizito kuliko cha kwanza. Finn yuko nje, lakini huko nje sheria inawalazimisha watu kuishi kama waliishi watu wa karne zilizopita, na kubadilika ni kosa. Wenzake Keiro na Attia wamebaki ndani. Na gereza lenyewe, baada ya kufunga watu miaka yote hiyo, sasa nalo linataka kutoka.

Maswali ya kitabu hicho cha pili ni mawili: aliyetoka anaishije, na aliyeachwa ndani anamdai nini? Haya si maswali mageni kwetu. Masimulizi yetu ya jioni yameyashika siku zote, tena kwa ujasiri ambao vitabu vyetu vya vijana havijaufikia. Ukitaka kuupima ukweli huo, nenda Karatu na Ngorongoro. Katika eneo ambalo gari hulimaliza kwa siku moja wanaishi Wairaqw, Wamasai, Wadatoga na Wahadzabe, ambao lugha zao za nyumbani hazisikilizani. Kila mmoja wao ana simulizi ya kutoka mahali fulani, na ya gharama ya kutoka.

Wamasai wanasimulia juu ya Endikir-e-Kerio. S. S. ole Sankan aliiandika simulizi hiyo katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichotoka mwaka 1971, na wazee bado wanaisimulia kwa namna mbalimbali. Watu waliishi ndani ya bonde lenye kuta za kupanda kwa shida. Ukame ukaingia, ng'ombe wakaanza kufa. Siku moja wakawaona ndege wakiruka na majani mabichi mdomoni kwenda kujengea viota, wakatambua kwamba huko juu mvua imenyesha. Wakatuma vijana kupeleleza. Habari zilipothibitika wakajenga daraja la kupandia, watu wakaanza kutoka na mifugo yao. Nusu walipokwisha kufika juu, daraja likavunjika. Waliokuwa nyuma wakabaki bondeni.

Simulizi haitaji shujaa aliyerudi kuwachukua. Inataja nusu, basi. Wapo wanaosema waliobaki ndio wakawa mababu wa makabila mengine ya kaskazini, yaani jirani yako wa leo, hata adui yako wa leo, huenda ni mtu uliyemwacha shimoni. Mtoto wa Olbalbal au Nainokanoka hahitaji kuelezwa ukuta wa namna hiyo ukoje. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha mita 600 hivi, sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, na ukungu ukiifunika asubuhi huoni chini wala ng'ambo. Kwa mtoto huyo, simulizi ya Kerio iko mlangoni mwa nyumba yao.

Ukishuka kutoka Karatu kupitia mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, unafika Ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe. Miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikusanya masimulizi yao, na mwaka 1956 yakachapishwa Ujerumani. Moja linahusu jitu aitwaye Hohole. Yeye na mkewe Tsikaio waliishi Dungiko, ndani ya ukumbi mkubwa chini ya miamba, mahali ambapo hata Haine, aliye mungu, hakuweza kuwafikia. Hohole aliwaua tembo kwa pigo moja na kuwachomeka kwenye mkanda wake. Siku moja nyoka akamuuma kidole kidogo cha mguu, akafa. Mkewe akaukuta mwili, akala nyama ya mguu wa mumewe kwa siku tano mpaka akapata nguvu za kuubeba, akaupeleka mbali na kuwaachia ndege. Kisha akaliacha lile pango, akaingia kuishi ndani ya mbuyu. Baada ya siku sita akajifungua, na kutoka kizazi hicho wakatokea Wahadzabe.

Sijui simulizi la giza lenye ujasiri kuliko hili. Hakuna kijana mwenye upanga, na jitu halishindwi na mtu. Linakufa kwa sumu ya kiumbe kidogo, halafu jitu hilo linakuwa babu wa watu. Mwandishi wa riwaya za vijana, awe wa London au wa Dar es Salaam, angeshawishika kumweka Hohole upande wa waovu na kummaliza katika sura ya mwisho. Wahadzabe wamemwacha ndani ya damu yao wenyewe. Kitabu cha pili cha hadithi hii kingemhusu mtoto aliyezaliwa mbuyuni, anayejua baba yake alikuwa jitu na mama yake alimla baba yake, na ambaye inampasa kuamua atakuwa mtu wa namna gani. Hicho ndicho kitabu ambacho kijana wa miaka kumi na sita angekisoma usiku kucha. Lakini simulizi lilipochapishwa lilichapishwa kwa Kijerumani, na mtoto wa Mang'ola hawezi kulifikia.

Masimulizi ya Wairaqw nayo yalipitia njia kama hiyo. Mtafiti wa Kijapani Shohei Wada aliyakusanya na kuyachapisha Tokyo mwaka 1976, tena kwa jina la Kiswahili kabisa, Hadithi za Mapokeo ya Wairaqw. Mimi hapa navutiwa zaidi na nyumba zao za zamani. Walipokuwa wakivamiwa kwa ajili ya ng'ombe, Wairaqw walichimba nyumba ndani ya mteremko wa mlima, paa likalingana na ardhi, mgeni akaweza kupita juu yake asijue kwamba chini kuna watu na mifugo. Tumbo la ardhi likawa kinga. Wakati huohuo nchi yao ya asili, Irqwar Da'aw, katika nyanda za juu za Mbulu, ilikuwa imezungukwa, na kutoka nje ya mipaka yake kulikuwa hatari. Ni katika karne ya 20 walipoenea kwa wingi kaskazini hadi Karatu na kuifanya nchi ya ngano na mahindi. Kwa hiyo Karatu yenyewe, kwa namna fulani, ni kitabu cha pili: ni mahali walipofika watu waliotoka ndani. Na Wairaqw hawakusahau kwamba huko ndani ndiko walikopona. Gereza la Fisher halina upande huo. Mwandishi wa Karatu angeweza kuuandika bila kuazima kwa mtu.

Ukivuka Serengeti kuelekea Ziwa Victoria unakutana na Shing'weng'we wa Wasukuma, ndugu wa karibu kabisa wa gereza lililo hai. Zimwi hili lilimeza watu wote na mifugo yao. Mwanamke mmoja mjamzito akajificha kwenye makapi, akapona, akamzaa Masala Kulangwa. Kijana akakua akiuliza baba yake yuko wapi. Kila alichokiua, panzi, ndege, swala, alimletea mama yake na kumuuliza kama ndiye huyo Shing'weng'we, na kila mara mama akamjibu hapana, bado. Mwisho akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka pamoja na baba yake.

Vitabu vingi vya watoto huishia hapo, kwa ngoma na shangwe. Wasimulizi wa Usukumani hawaishii hapo. Kisu cha Masala kilipokuwa kikipasua tumbo kilimkata sikio bikizee mmoja. Bibi huyo alitoka akiwa amekombolewa na kujeruhiwa kwa mkono uleule. Hakushukuru. Alikasirika, akatafuta kumdhuru kijana kwa uchawi, na Masala akalazimika kutumia akili na dawa ili mambo yapatane. Kusini kwa bara, Wasotho wana simulizi ya aina hiyohiyo ambamo mkombozi, Senkatana, anauawa na watu aliowatoa tumboni; S. M. Mofokeng aliigeuza tamthiliya mwaka 1952.

Pwani tuna Fumo Liongo. Kila mtoto wa shule anajua jinsi alivyotoka gerezani: mjakazi Saada alimletea mkate wenye tupa ndani, naye akakata pingu huku ngoma za gungu zikipigwa nje na kuificha sauti ya chuma. Ni hadithi tamu ya kutoroka. Lakini uzito wake uko baada ya hapo. Aliyekuwa ameshinda minyororo aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa kuwa kijana alikuwa ameahidiwa mke na cheo. Liongo akafia kisimani, amepiga goti, upinde umevutwa, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila maji, wakiogopa kumsogelea maiti.

Ukiziweka pamoja simulizi hizi unaona jambo moja. Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuwadanganya vijana kwamba kutoka ndio mwisho wa shida. Kutoka kulikuwa nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ilihusu aliyeachwa, aliyejeruhiwa wakati wa kukombolewa, aliyenunuliwa ili akusaliti, na damu ya zimwi iliyobaki ndani ya mtu. Na simulizi hizi hazikuwa za watu wazima peke yao. Zilisimuliwa mbele ya watoto.

Sasa tazama eneo lenyewe katika zama za karibu. Wadatoga waliishi ndani ya kreta kabla ya Wamasai kuwasukuma nje katika karne ya 19, na bado wana kaburi la heshima humo chini. Mwaka 1959, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipowekewa mipaka mipya, Wamasai waliokuwa wakiishi humo walihamia Ngorongoro, ambayo mwaka huohuo ilifanywa eneo la hifadhi linalokubali watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Mwaka 1974 familia zilizokuwa sakafuni mwa kreta zikaondolewa. Kuanzia Juni 2022 familia nyingine zikahamia Msomera, wilaya ya Handeni, zaidi ya kilomita mia tatu kutoka huko. Serikali imesema wanahama kwa hiari ili kuokoa hifadhi na kuboresha maisha. Wakazi wengi na watetezi wa haki wamepinga maelezo hayo. Uchambuzi huu hauna nafasi ya kuamua kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba kijana wa Ngorongoro mwenye miaka kumi na sita anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba mahali pamoja panaweza kuwa nyumbani kwa mmoja na kizuizi kwa mwingine, na kwamba anayevuka geti la hifadhi la Loduare na mizigo yake anaacha mtu nyuma. Kijana huyo ndiye msomaji hasa wa kitabu cha pili. Kwa nini hajaandikiwa?

Si kwamba Kiswahili kimekosa fantasia. Euphrase Kezilahabi alitupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba vinavyofuatana, vyenye msafiri anayezunguka katika ulimwengu usiotabirika. Said Ahmed Mohamed aliandika Babu Alipofufuka, na K. W. Wamitila Bina-Adamu! Ni kazi kubwa. Lakini zinasomwa zaidi vyuoni, na ugumu wake wa kifalsafa unamtaka msomaji aliyekwisha kupitia mengi. Kijana wa kidato cha pili akiifungua Mzingile peke yake ataifunga.

Wala si kwamba vijana wanafichwa giza. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini ya Ben Hanson, ambamo mama anakimbia kijiji ili mwanawe mwenye ualbino asiuawe. Wamesoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, yenye watoto wa jalalani na dawa za kulevya. Wamesoma Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, ambamo joka liko kwenye jina tu na ndani kuna ugumu wa uchumi. Hayo yote ni giza, tena giza la kweli. Kinachokosekana ni ruhusa ya kulibuni giza. Mfumo wetu unakubali umaskini, ugonjwa na kifo viandikwe kama vilivyo, lakini zimwi likiingia tunaona kitabu kimekuwa cha chekechea, au kimekuwa cha uchawi.

Hofu ya uchawi inastahili kuheshimiwa, nami siipuuzi. Nchi hii imeona watu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Imeona bibi wazee wakiuawa, hasa kanda ya Ziwa, kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia. Mzazi au kiongozi wa dini anayesita kuona riwaya yenye bikizee mchawi mikononi mwa mwanawe ana sababu za kutosha. Ukiisimulia hadithi ya Masala Kulangwa kizembe, yule bibi aliyekatwa sikio anageuka hoja nyingine ya kuwawinda vikongwe.

Lakini dawa ya tatizo hilo si kumfuta bibi. Msikilize tena: amemezwa na zimwi, amekaa gizani muda usiojulikana, amekatwa na kisu cha mtu anayesifiwa na mji mzima, na hakuna aliyemuuliza kama anaumia. Hasira yake ina sababu. Mwandishi mahiri angeweza kuandika riwaya nzima ya vijana kwa macho yake: Masala ameshafanywa mtawala, zimwi limekufa, mji unashangilia, na kuna mtu mmoja anayebeba jeraha la ukombozi huo na kuitwa mchawi kwa kulitaja. Kijana atakayekisoma kitabu hicho atayasikia maneno "bibi yule ni mchawi" kwa namna nyingine. Fantasia ya giza ikiandikwa kwa uangalifu huu inafanya kazi ambayo semina nyingi hazijaiweza. Ikiandikwa bila uangalifu inaua. Ndiyo maana inahitaji wahariri wazuri kuliko aina nyingine yoyote ya vitabu.

Husemwa pia kwamba wasomaji wa Kiswahili hawana subira ya vitabu vinavyofuatana. Historia inakataa. Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974 na kumrudisha kitabu baada ya kitabu. Ben Mtobwa alifanya hivyo kwa Joram Kiango. Magazeti yameuza hadithi za kuendelea kwa miongo mingi, na watu wamesubiri toleo la wiki ijayo wakibishana vijiweni nani atapona. Wasomaji wapo. Kilichopungua ni mchapishaji anayekubali kuandaa vitabu viwili au vitatu kwa mpigo kwa ajili ya kijana, bila kungoja viteuliwe kuwa vya kiada. Soko letu la vitabu vya vijana linategemea mno uteuzi wa shule, na kitabu cha pili hakiteuliwi, kwa kuwa mtihani hauwezi kutahini mwendelezo wa hadithi ambayo wanafunzi hawakuisoma mwanzo wake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Tuzo ya Burt, iliyosimamiwa hapa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ilizaa riwaya za vijana zilizoandikwa kwa Kiingereza, na zilistahili kuzaliwa. Lakini mtoto anayesikia Kiiraqw au Kimaa nyumbani na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafika sekondari akiwa na Kiswahili kama lugha pekee anayoweza kuota nayo kitabuni. Umri huo wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba ndio umri wa kupenda giza. Tukimkosa hapo, hatumpati tena kirahisi.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuomba, na nayaomba kwa moyo wote. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, iwatafute kwa makusudi waandishi wa riwaya za kubuni za vijana, na isimhesabie mwandishi kosa kwa kuwa hadithi yake haikumalizika katika juzuu moja. Vyuo vyetu vishirikiane na Wahadzabe na Wairaqw wenyewe kuyaleta kwa Kiswahili masimulizi yaliyochapishwa Ujerumani na Japani, kwa ridhaa yao na kwa faida yao, kabla wasimulizi waliobaki hawajaondoka. Na wewe mwandishi kijana wa Karatu, Endulen au Mang'ola, usianze na mtu anayetoroka, kwa maana hiyo imeshasimuliwa vya kutosha. Anza siku inayofuata, daraja limeshavunjika na watu wako chini wanaita.